Vumbi juu ya Slaidi: Namna ya Kusafisha Filamu za Zamani kabla ya Kuzinakili

Utangulizi

Msomaji wa kurasa hizi akiliona neno "vumbi" katika kichwa cha makala huenda akadhani kwamba tunakusudia kuhubiri mazishini. Vumbi tunalolizungumzia hapa ni lile liingialo madirishani, likaalo juu ya makabati na vitabu visivyofunguliwa, na ambalo hukaa vilevile juu ya zile picha ndogo za kuangazwa ukutani ziitwazo slaidi, na juu ya mikanda ya negativu iliyosahauliwa katika bahasha. Sharika nyingi zinazo picha za namna hiyo. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania lilipoundwa tarehe 19 Juni 1963 kwa kuunganishwa makanisa saba, slaidi zilikuwa zimeshika kasi, na kwa miaka ishirini na zaidi baada ya hapo wamisionari, walimu na wachungaji walipiga picha kwa slaidi ili wazionyeshe kwa watu wengi chumbani kwa mara moja. Leo mashine za kuzionyesha zimekufa, balbu zake hazipatikani kwa urahisi, na njia iliyobaki ni kuzinakili kwa skana na kuziweka katika kompyuta.

Katika lugha yetu liko neno moja ambalo laweza kuleta mkanganyiko. Tangu zamani mtu aliyepeleka mkanda wake studio alisema amekwenda "kusafisha picha", na maana yake ilikuwa kuuosha mkanda kwa dawa na kutoa picha za karatasi. Tukisema "kusafisha" katika makala haya hatuna maana hiyo. Mkanda ulikwisha oshwa miaka mingi iliyopita, picha imo tayari, na kazi tunayoieleza ni kuondoa kilichoongezeka juu yake tangu siku ile.

Sanduku la Dumila

Dumila ni mji mdogo wa njiani katika wilaya ya Kilosa, mahali ambapo barabara iendayo Kilosa huachana na barabara kuu itokayo Morogoro kwenda Dodoma. Mabasi husimama hapo, malori hali kadhalika, na tangu mavuno yaishapo hadi mvua za vuli upepo wa tambarare huinua udongo mkavu wa mashamba na kuuingiza katika kila tundu la nyumba. Ni mahali pabaya kwa kusafisha filamu. Lakini slaidi tulizopewa zilikuwa hapo, na mwenyewe hakupenda zisafirishwe, wala hatukumlaumu.

Mwenyewe ni bibi mjane wa mwalimu aliyekuwa pia mwinjilisti. Januari 2014 mto Mkundi ulipofurika, maji yaliingia Magole, Dumila na vijiji vya jirani, yakabomoa nyumba na kuikata barabara kuu kwenye daraja la mto huo. Albamu ya familia ilikuwa ndani ya sanduku sakafuni. Ilipotolewa ilikuwa tonge moja la karatasi na matope. Kilichosalimika ni kopo la biskuti lililokuwa limewekwa juu ya mtambaa-panya na kusahauliwa huko, na ndani yake zilikuwamo slaidi 143 na vipande 17 vya negativu. Kwa hiyo picha pekee za harusi yake, za wazazi wake na za watoto wawili aliokwisha kuwazika zilikuwa ndani ya kopo lile, chini ya tabaka la vumbi jekundu lililogandamana na masizi ya jikoni.

"Shikeni polepole, wanangu," alituambia alipotukabidhi. Tunakiri kwamba hatukushika polepole vya kutosha, kama tutakavyoeleza.

Kwa nini chembe ndogo huleta hasara kubwa

Fremu moja ya filamu ya kawaida ina upana wa milimita 36 na kimo cha milimita 24. Skana nzuri ya filamu husoma nukta 4,000 katika kila inchi, yaani kila nukta ina upana wa karibu sehemu sita za elfu za milimita moja. Chembe ya vumbi yenye upana wa sehemu tano za mia za milimita, ambayo jicho haliioni kwa urahisi, hufunika nukta nane kwa upana na nane kwa kimo. Fikiri sasa picha ya kikundi cha kwaya iliyopigwa kwa mbali. Mtu mzima aliyesimama ana milimita tano tu juu ya filamu. Uso wake hauzidi nusu milimita kwa upana. Jicho lake halifiki sehemu moja ya kumi ya milimita. Chembe mbili zikikaa pabaya, mwanakwaya amekuwa kipofu.

Skana hufanya kazi kwa kupitisha nuru ndani ya filamu. Vumbi huizuia nuru hiyo. Kwa sababu hiyo katika slaidi chembe huonekana kama doa jeusi, na katika negativu, ambayo kompyuta huigeuza nuru iwe giza na giza liwe nuru, huonekana kama doa jeupe. Mtu aliyezoea picha za karatasi hushangaa, maana juu ya karatasi vumbi hupanguswa kwa kiganja na picha inabaki ilivyokuwa. Filamu haina uvumilivu huo. Upande wake mmoja ni plastiki yenye kung'aa. Upande wa pili una utando wa jelatini, na picha imo ndani ya utando huo. Jelatini ni laini, hufura ikilowa, na hukwaruzika. Chembe za mchanga wa nchi yetu kwa sehemu kubwa ni jiwe gumu kuliko kioo. Anayepangusa slaidi yenye mchanga kwa pindo la khanga au shati anaiburuta chembe hiyo juu ya utando, na mfereji anaouchimba hauzibiki tena.

Kazi yenyewe

Jambo la kwanza ni chumba. Sisi tulichagua chumba kidogo chenye sakafu ya saruji, tukaondoa mazulia na mapazia, tukapiga deki jioni na kuacha kila kitu kitulie usiku kucha. Tulianza kazi alfajiri, kabla malori hayajaanza kuamka na hewa ikiwa bado na unyevu kidogo. Saa ile ina faida ya pili. Hewa ikiwa kavu sana, filamu ikisuguliwa hupata umeme tuli, nayo huvuta vumbi kama kitana kilichosuguliwa nyweleni kinavyovuta vipande vya karatasi. Mchana wa Septemba huko Dumila tuliweza kuipuliza slaidi ikawa safi, na kabla ya kuifikisha kwenye skana, hatua mbili tu, ilikuwa imekwisha kujivutia nyuzi nyingine. Pangaboi lazima lizimwe. Hili lilikuwa gumu kwa vijana waliotusaidia, kwa sababu joto halikuwa la mzaha, lakini pangaboi moja hurusha vumbi kuliko dirisha wazi. Aidha, tulivua sweta na nguo zote zenye manyoya.

Mikono ioshwe kwa sabuni na kukaushwa, na slaidi ishikwe kwa fremu yake, mkanda ushikwe kwa kingo zake zenye matundu. Alama ya kidole ni mafuta na chumvi, na ikikaa miaka huula utando.

Kisha mtu atazame kabla ya kugusa. Tulitengeneza sanduku dogo la mbao lenye balbu ya baridi ndani na plastiki nyeupe juu, tukanunua kioo cha kukuzia kama kile cha fundi wa saa. Kila slaidi ilitazamwa mara mbili: kwanza nuru ikipita chini yake, halafu nuru ya tochi ikija kwa ubavu. Nuru ya ubavu ndiyo inayofichua mambo. Vumbi lililolala juu hung'aa kama nyota. Kovu huonekana kama mstari. Mafuta huonekana kama kivuli chenye rangi. Hapo ndipo pia unapoutambua upande wa jelatini: huo haung'ai sana, na mara nyingi katika slaidi huonekana una vimo na mabonde hafifu yanayofuata umbo la picha. Katika mkanda, maandishi ya ukingoni yakisomeka sawasawa, basi unatazama upande wa plastiki.

Tiba ya kwanza ni hewa peke yake, na kwa slaidi nyingi tiba hii inatosha. Hewa hiyo isitoke kinywani, kwa sababu pumzi ya mtu ina mate na unyevu, na tone moja la mate juu ya jelatini huacha duara lisilotoka. Tulitumia mpira mdogo wa kupulizia, ule unaouzwa katika maduka ya dawa kwa kufyonza makamasi ya watoto. Mpya huwa na unga ndani yake, kwa hiyo tuliukamua mara hamsini au sitini hewani kabla ya kuuelekeza kwenye picha. Slaidi huinamishwa, uso ukiangalia chini, ili chembe inayong'oka ianguke sakafuni badala ya kuhamia upande wa pili. Makopo ya hewa iliyoshindiliwa hufaa pia yakiwa yamesimama wima. Yakitikiswa au kuinamishwa hutema majimaji baridi.

Hapa hatuna budi kusimulia upumbavu wetu. Siku ya tatu, tukiwa tumechoka kukamua mpira, mmoja wetu alitoa shauri kwamba fundi wa pancha aliyeko barabarani anayo kompresa, na kwamba upepo wake ungeimaliza kazi nzima kwa saa moja. Tulikwenda na slaidi kumi za mandhari ya milima ya Uluguru, tukishukuru Mungu kwa akili tuliyopewa. Upepo ulitoka kweli, na pamoja nao maji na mafuta ya mashine, maana tangi la kompresa hukusanya vyote viwili. Slaidi zote kumi zilirudi na madoadoa kama ngozi ya chui. Fundi alituonya kabla, jambo linalozidisha aibu. Siku mbili zilipotea katika kuyaondoa mafuta hayo.

Chembe isiyong'oka kwa hewa huguswa kwa brashi laini ya manyoya, ambayo haijapata kupakwa kitu na ambayo nywele zake hazijaguswa kwa vidole. Brashi ya poda ya akina mama, ikiwa mpya, inafaa kabisa. Isisuguliwe, ipitishwe mara moja kuelekea ukingoni, kisha ipulizwe yenyewe kwa mpira.

Masizi na mafuta hayasikii brashi wala hewa, nayo ndiyo yaliyotusumbua zaidi kwa sababu kopo lilikaa miaka mingi juu ya moshi wa kuni. Kwa haya hutumika dawa maalumu ya kusafishia filamu, au alkoholi ya isopropili yenye nguvu ya asilimia 99. Tunasisitiza kiwango hicho. Spiriti ya hospitali ya asilimia 70 ina maji karibu theluthi moja, na mara nyingine imetiwa rangi. Maji hufurisha jelatini, na rangi hubaki. Pamba ya kijiti huloweshwa kidogo tu, isidondoke, kisha hupitishwa upande wa plastiki kwanza, mara moja, kuelekea upande mmoja, halafu kijiti hutupwa. Upande wa jelatini usiguswe mpaka iwe lazima, na kabla ya hapo dawa ijaribiwe katika fremu iliyoungua au pembeni mwa picha isiyo na thamani. Madirisha yafunguliwe wakati huo, na moto usiwepo karibu, wala jiko la mkaa, wala sigara.

Slaidi zilizobanwa kati ya vioo viwili zina nyuso sita za kusafishwa: mbili za filamu na nne za vioo. Tulizifungua zote, na vioo tukaviosha kwa sabuni mbali na filamu. Fremu za karatasi ngumu zina tabia nyingine. Kila zikiguswa hutoa nyuzi, na nyuzi hizo hukaa ukingoni mwa picha. Hizo tulizipuliza kingo kwa subira, hatukuzifungua, kwa sababu juu ya karatasi ile marehemu alikuwa ameandika kwa kalamu ya wino majina na miaka.

Slaidi ikishakuwa safi iingie kwenye skana papo hapo. Mwanzoni tulisafisha thelathini asubuhi tukitaraji kuzinakili mchana. Tuliyafanya mambo yote mara mbili.

Juu ya filamu nyeusi na nyeupe za zamani sana tunapenda kuonya jambo moja. Filamu za kabla ya miaka ya 1950 huenda zikawa za nitrati, ambazo hushika moto upesi na kuwaka vikali. Nyingine, za asetati, zikizeeka hutoa harufu ya siki na kujikunja. Ukinusa siki, au ukiona mkanda unanata na kubadilika rangi ya kahawia, usiusafishe. Utenge na mingine, mahali penye baridi na hewa, utafute mwenye ujuzi.

Kuvu

Katika slaidi 143, kumi na mbili zilikuwa na kuvu, au ukungu kama wengi tunavyouita. Kwa mbali hufanana na vumbi. Chini ya kioo cha kukuzia huonekana kama mizizi au kama utando wa buibui unaotawanyika kutoka nukta moja. Kuvu huota pale hewa inapokaa na unyevu wa zaidi ya asilimia 60 hivi kwa muda mrefu, na chakula chake ni jelatini yenyewe. Hapa ndipo ilipo hatari: jelatini iliyoliwa na kuvu huwa tayari kuyeyuka katika maji.

Hatukulijua hilo. Slaidi ya kwanza katika hizo kumi na mbili ilionyesha wasichana wanne kisimani, nasi tuliipitishia pamba yenye maji kidogo, tukidhani kwamba maji safi ndiyo dawa ya upole kuliko zote. Kuvu ilitoka. Pamoja nayo alitoka msichana wa kushoto, kuanzia kichwani hadi kiunoni, akabaki kama doa la kijani juu ya pamba. Alikuwa mdogo wake bibi, aliyefariki akiwa bado binti, na picha nyingine yake haikuwapo.

Tulikwenda kumweleza siku ileile, kwa maana jambo kama hilo halifichiki. Alikaa kimya, akaishika slaidi akaiangalia dirishani. Kisha akauliza, "Na zile zilizobaki?"

Zile zilizobaki hazikuguswa tena. Slaidi yenye kuvu hukaushwa kwanza mahali penye hewa kavu, ikawekwa mbali na nyingine, na kunakiliwa ilivyo, pamoja na mizizi yake yote. Kuvu kavu iliyo upande wa plastiki yaweza kupunguzwa kwa brashi na baadaye kwa alkoholi isiyo na maji; iliyo upande wa jelatini iachwe. Picha yenye utando wa kuvu ni bora kuliko filamu tupu.

Kufuta kwa kompyuta

Watatokea watu watakaosema kwamba jasho lote hili ni bure, kwa sababu skana za kisasa hufuta vumbi zenyewe. Ni kweli kwa kiasi. Skana hizo huimulika filamu mara ya pili kwa nuru isiyoonekana, iliyo upande wa pili wa nyekundu. Rangi za filamu nyingi za rangi huiruhusu nuru hiyo kupita, ila vumbi na mikwaruzo huizuia, na hivyo mashine hupata ramani ya vumbi peke yake, ikajaza mahali hapo kwa kuiga nukta za jirani. Lakini filamu nyeusi na nyeupe ya kawaida ina chembe za fedha, nazo huizuia nuru hiyo kama vumbi livyofanyavyo. Mashine ikidanganyika hivyo hufuta picha yenyewe. Kodachrome, ambayo iliuzwa tangu 1935 na ambayo Kodak iliacha kuitengeneza 2009, nayo huisumbua njia hiyo mara nyingi. Kumi na tisa katika slaidi zetu zilikuwa Kodachrome, na tuliizima njia hiyo kwa zote.

Kuna tatizo jingine ambalo kwetu ni zito zaidi. Mashine inayojaza mahali pa chembe haijui kilichokuwapo; inabuni. Juu ya anga au ukuta ubunifu huo haudhuru. Juu ya uso wa mtu ni jambo lingine, na sisi tuliamua kwamba nakala ya kwanza ya kila slaidi ihifadhiwe ilivyotoka, bila kufutwa kitu, na marekebisho yafanywe katika nakala ya pili.

Mwenye kukata tamaa mbele ya kopo moja na afikirie yaliyofanyika Kampala. Mwaka 2015 katika ofisi za Shirika la Utangazaji la Uganda yaligunduliwa makabati yenye negativu zipatazo 70,000, ndani ya bahasha zilizoandikwa tarehe na habari, nyingi zikiwa picha za wakati wa utawala wa Idi Amin ambazo hazikuwahi kuchapwa kwenye karatasi. Kuanzia 2018 shirika hilo, pamoja na Chuo Kikuu cha Michigan na Chuo Kikuu cha Western Australia, lilianza kuzisafisha na kuzinakili, na Mei 2019 baadhi yake zilionyeshwa katika Jumba la Makumbusho la Uganda. Picha za wamisionari wa Leipzig waliofanya kazi kaskazini mwa Tanzania nazo zimekwisha kunakiliwa kwa wingi, na zinaweza kutazamwa katika hifadhi ya picha za misheni iliyoko Chuo Kikuu cha Southern California. Picha za walimu na wainjilisti wetu wenyewe, walizozipiga kwa kamera zao, zimo bado katika makopo.

Kazi ya Dumila ilichukua siku kumi na nane. Slaidi 131 zilinakiliwa zikiwa safi, na negativu zote 17. Jioni za mwisho tulimwonyesha bibi picha moja moja katika kioo cha kompyuta, naye akataja majina, nasi tukayaandika, wakati mwingine tukirudia picha ileile mara tatu kwa sababu alimtambua mtu wa nyuma ambaye hapo awali alikuwa amefunikwa na vumbi. Slaidi tulizirudisha katika kopo jipya lenye kifuniko kinachobana, pamoja na vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu. Ushauri wa jirani wa kutumia mchele tuliukataa kwa heshima, kwa kuwa mchele una vumbi lake. Zile kumi na moja zenye kuvu ziko katika bahasha yao peke yake, na ile ya kisimani pia bibi alitaka irudishwe.